Walichotafuta Tumboni Mwako

Tuwan, Kitale
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Naliaka,

Umetoka hapa sasa hivi na sare yako ya kwaya, unaenda kuagwa kanisani, na mimi hao watu wa kwaya nawajua. Wataimba, watalia, watakula mandazi, halafu watalia tena. Kwa hivyo nina kama masaa matatu. Nimefunga mashine ya kusaga unga mapema na kuwaambia wateja warudi kesho. Mama mmoja amenung'unika ati watoto wake watalala njaa na mahindi yako ndani ya gunia. Nimemwambia achemshe githeri. Leo sina subira na mtu, unisamehe.

Sitakuandikia habari ya kufunga mlango wa hosteli, wala kuficha kitambulisho, wala kuchagua marafiki. Senge yako ameyasema hayo kwa wiki mbili mfululizo bila kupumua, na dada yangu akianza kushauri mtu, hata kuku hutoka nje. Mimi nilinyamaza. Jana ukaniuliza, "Papa, kwani wewe huna neno la kuniambia?" Nikasema sina, nikatoka kwenda kuangalia mshipi wa mashine ambao haukuwa na shida yoyote. Neno nilikuwa nalo. Nimekuwa nalo miaka kumi na sita.

Kesho unaenda Bungoma kusomea uuguzi. Watakufundisha vizuri, na siku moja mwalimu atasimama mbele yenu aeleze TB ya watoto. Ataeleza namna ya kuitafuta kwa mtoto mdogo ambaye hajui kutema makohozi. Wewe utakuwa umekaa mbele kabisa kama kawaida yako, sikio la kulia limemwelekea mwalimu, unaandika kila kitu. Utafika mahali kalamu isimame. Sitaki uambiwe na mwalimu. Nataka uambiwe na mimi, ingawa nimechelewa sana.

Unajua vile ugonjwa wako husimuliwa hapa nyumbani. Ulikuwa na miaka mitatu. Mama yako alikupeleka kwao Malakisi wakati wa tumbaku, mkakaa huko wiki kadhaa akiwasaidia wazazi wake, wewe ukicheza ndani ya ile nyumba ya kukaushia majani, moshi ukakuingia kifuani, ukapata TB. Ukarudi nayo hapa Kitale, ukaniambukiza na mimi. Halafu ikapanda kichwani kwako, ikachukua sikio la kushoto. Hivyo ndivyo kukhu wako, mama yangu, alivyosimulia mpaka alipofariki. Hivyo ndivyo majirani wanavyojua. Hivyo ndivyo mama yako alivyoamini mpaka siku tulipomzika.

Ni uongo, Naliaka. Na aliyeutunza ni mimi.

Wakati huo mashine haikuwa yangu. Nilikuwa nimeandikwa na mzee mmoja aliyekuwa na posho, kinu cha kusaga unga, karibu na soko, mashine mbili, foleni kutoka asubuhi mpaka jioni. Mimi ndiye nilikuwa nasaga. Mtu wa posho hukohoa, hilo kila mtu analijua. Unakula unga siku nzima, unatoka mweupe mpaka kope, na jioni unakohoa. Sisi tulikiita kikohozi cha unga, na tulikuwa na majivuno nacho kidogo, kwa sababu asiyekohoa ni yule aliyeanza kazi juzi. Kwa hivyo changu kilipokaa mwezi, nikasema ni unga. Kilipokaa miezi mitatu, nikakaza mshipi wa suruali tundu lingine, bado nikasema ni unga. Nililowa jasho usiku nikasema ni blanketi.

Mama yako hakudanganyika. Aliniambia, "Baba Naliaka, hicho kikohozi chako kinanisumbua roho. Nenda upimwe." Nikamjibu kwa hasira ati anataka nifukuzwe kazi. Na kweli niliogopa hivyo. Posho ni chakula cha watu. Ikisikika kwamba msagaji ana TB, foleni yote inahamia kwa mashine ya upande wa pili wa barabara siku hiyo hiyo, na mzee hangengoja hata jioni.

Na wewe jioni ulikuwa unanisubiri mlangoni. Nikikaa tu, unapanda juu yangu, unalala hapa kifuani, unga na yote. Mama yako akisema "Mwache baba aoge kwanza," unamng'ang'ania baba. Nilikuwa nakohoa juu ya kichwa chako. Wewe ukiona kifua kinaruka ulicheka sana, ukaniiga, "Kho! Kho!" Nikakohoa tena makusudi ili ucheke. Mwanangu, nilikohoa makusudi.

Ulikuwa umeanza kukonda hata kabla ya Malakisi. Nguo zako zilikuwa zinazidi mwili, na mama yako alidhani ni minyoo. Huko kwao ndiko joto lilipokupanda likakataa kushuka, akakubeba mpaka hospitali ya Bungoma. Nilipata habari nikiwa kazini. Nilifika nikakukuta umelala na macho yako makubwa, mikono myembamba, na mama yako anatetemeka kando ya kitanda kwa sababu malaria ilikuwa imemkamata na yeye. Siku ya pili alishindwa kusimama. Dadake aliyekuwa anaishi mjini akamchukua nyumbani kwake, na mimi nikabaki na wewe.

Nilikuwa mwanamume peke yangu katika wodi ya watoto. Sijui kama unaweza kufikiria vile hiyo ilikuwa. Akina mama walikuwa na mazungumzo yao, wanashikiana watoto, wanafuliana nguo, wanacheka. Nikiingia wananyamaza na kuvuta leso. Usiku mwanamume haruhusiwi kulala ndani, kwa hivyo nililala kwa benchi la nje, na sista, muuguzi wa zamu, akinihurumia ananiita ukilia. Nguo zako nilifua vibaya mpaka mama wa kitanda cha pili akaninyang'anya beseni. "Wewe baba, unafua ama unapigana?" Wote wakacheka, hata mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa mara pekee niliyocheka huko.

Sista mwenyewe aliitwa Chebet, mama mnene, mtu wa huko juu Mlima Elgon, na alikuwa na sauti ya kuamrisha ng'ombe. Daktari aliposema anashuku TB, mimi nikasema basi mpeni kikopo ateme. Sista Chebet akaniangalia. "Ateme nini, baba? Mtoto wa miaka mitatu hajui kutema. Akikohoa usiku anameza. Hicho tunachotafuta kinaenda tumboni na kinalala huko mpaka asubuhi. Kwa hivyo tutakitafuta tumboni."

Akanieleza yote, na ninakumbuka kila neno. Alfajiri, kabla hujaamka vizuri, watapitisha mpira mwembamba puani mpaka tumboni, wavute maji yaliyolala humo kwa sirinji. Wataongeza dawa kidogo ya kutuliza asidi, kwa sababu asidi ya tumbo huua wale wadudu na maabara ikabaki bila kitu cha kuona. Watafanya hivyo asubuhi mbili. "Kazi yako ni moja tu," akasema. "Tangu jioni asile, asinywe, hata maji. Na akiamka asikanyage chini kabla sijafika. Tumbo likianza kazi, linasukuma kila kitu huko chini, na sisi tunabaki na bure. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa.

Nilielewa zaidi ya alivyodhani. Nilikaa nje nikifikiria, kama mtoto anameza, basi hatemei mtu. Na kama hatemei mtu, kuna mtu aliyemtemea yeye.

Asubuhi ya kwanza nilikushika kichwa. Ulipigana na sisi wote wawili. Mpira ulipoingia ulipiga kelele "Papa, wacha! Papa!" na ulikuwa unaniangalia mimi, hata sista hukumwangalia. Tulipata maji kidogo sana, hata chini ya kichupa hayakufunika vizuri. Sista Chebet akasema, "Hii haitoshi. Kesho lazima tupate ya maana."

Mchana huo alikuja na fomu yake, akasimama kando ya kitanda kuandika. Jina, umri, mnaishi wapi, mnalala wangapi chumba kimoja. Halafu akauliza, "Nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa?"

Wamama wote walikuwa wanasikiliza, si unajua wodi. Nikasema, "Hapana."

Nilikuwa nimeshika pumzi nikisema hivyo. Kikohozi kilikuwa kimefika hapa kooni. Alipokuwa akiandika hilo jibu niliangalia kalamu yake na kumwomba Mungu aandike haraka. Alipoondoka nikatoka mbio mpaka nyuma, mahali pa kuanikia nguo, nikakohoa mpaka nikapiga magoti chini. Nilipoangalia kitambaa kilikuwa na damu. Hakuna unga unaotoa damu, Naliaka. Nilijua hapo hapo. Nikakifukia hicho kitambaa kwa mchanga na mguu wangu, nikarudi ndani kukupangusa uso.

Sasa ile asubuhi ya pili. Sista aliniita nje kukiwa bado giza, akasema, "Ameamka, kaa naye, nakuja baada ya kumaliza upande ule." Ulikuwa unalia njaa. Hukulia kwa nguvu, ulikuwa unalalamika tu polepole, "Chai, papa. Chai." Yule mama wa kitanda cha pili alikuwa na chupa yake ya chai ya rangi, yenye sukari nyingi, na alikuwa ametoka kwenda msalani. Nikamimina nusu kikombe, nikakuinua, nikakunywesha. Ulikunywa ukiwa umenishika vidole kwa mikono yote miwili.

Miaka mingi nimejiambia kwamba ile ilikuwa huruma. Nilitaka hata leo nikuandikie hivyo, nimalize, ulie kidogo, unisamehe. Huruma ilikuwepo, siwezi kukataa. Lakini nilipokuwa nakunywesha nilikuwa naangalia mlango. Nikakupangusa mdomo na shati langu, nikasuuza kikombe, nikakirudisha kwa chupa vile nilivyokikuta. Baba anayempa mtoto wake chai kwa huruma hana haja ya kusuuza kikombe.

Sista akaja. "Amekula kitu?"

"Hajakula."

"Amekunywa?"

"Hajanywa, sista."

Mpira ukaingia. Safari hii hukupigana sana, ulikuwa umechoka. Maji yakaja mengi, na yalikuwa na rangi. Sista Chebet aliinua ile sirinji kwa mwanga wa taa, akaiangalia, akaniangalia mimi. "Baba, una uhakika?" Nikasema nina uhakika. Nikaongeza, kwa hasira ya kujifanya, "Kwani mimi nitamdanganyia mtoto wangu?" Akashusha sirinji. Alikuwa na wodi nzima ya watoto na sista mwenzake hakuwa amefika. Akaweka dawa, akafunga kichupa, akaandika jina lako.

Maabara haikuona kitu. Walisema kuna ile nyingine ya kuotesha wadudu ambayo inachukua wiki nyingi, majibu yatakuja. Homa yako ilikuwa imeshuka kidogo, kwa hivyo tukapewa dawa ya kifua ya maji na tukaambiwa tukurudishe ukizidiwa. Na mimi nilifurahi. Hili ndilo gumu kuandika kuliko yote. Nilikubeba mabegani kutoka wodini, nikawaaga wale wamama kwa majina ya watoto wao, nikamwambia mama yako, "Hawakupata kitu! Si nilikuambia?" Akalia kwa furaha kwa dadake pale, na mimi nikalia pamoja naye.

Ulikaa nasi hapa Kitale wiki tano. Halafu ukaanza kutapika asubuhi, ukawa unalala mchana wote, unakasirika ukiguswa. Mama yako alikuwa anakusuka siku hiyo, akasema shingo yako imekuwa ngumu haitaki kuinama. Kabla hajamaliza mstari wa pili ukaanza kutupa mikono na miguu. Tulikimbia na wewe hospitali bila viatu, mama yako na mimi.

Daktari wa hapa alikuwa kijana, hata ndevu hazijatoka vizuri. Alinitoa nje peke yangu akafunga mlango. Aliuliza swali lile lile la Sista Chebet, na kabla sijajibu nikakohoa. Sikuweza kukizuia tena. Akaningoja nimalize. Nikamwambia yote, habari ya kikohozi, damu, chai. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mtoto wa umri huu karibu kila mara huipata kwa mtu mzima anayeishi naye. Yeye mwenyewe hawezi kumpa mtu. Sasa imefika kwa ubongo. Tutaanza dawa leo, na wewe tunakupima leo." Nikapimwa, na ilikuwepo, imejaa tele.

Nilitoka nimeamua kumwambia mama yako. Nakuapia nilikuwa nimeamua. Nilimkuta amekaa chini kwenye korido, kitana bado kiko mkononi. Nikafungua mdomo, akanitangulia. "Ni mimi, Baba Naliaka. Ni ule moshi wa Malakisi. Singempeleka huko, mtoto wangu angekuwa mzima." Nikakaa kando yake. Nikamshika bega, nikamwambia asijilaumu, hakuna mtu anayejua mambo ya Mungu. Nilimfariji kwa kosa langu mwenyewe, na yeye akanishukuru.

Baada ya hapo kila kitu kilijipanga chenyewe. Wewe ulianza dawa, mimi nikaanza dawa siku hiyo hiyo, na watu wakaona baba na mtoto wana ugonjwa mmoja. Kukhu akasema, "Mtoto amemwambukiza baba." Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Mzee wa posho hata hakunifukuza, Naliaka. Alisema maskini, ameambukizwa na mtoto wake, akanipumzisha miezi miwili na kunirudisha. Kazi niliyokuwa naogopa kupoteza iliokolewa na jina lako.

Ulipona. Ulijifunza kutembea upya ukishika ukuta. Sikio halikurudi.

Kuna siku ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nakohoa homa ya kawaida tu, mvua zilikuwa zimeanza. Ulikuja ukasimama mbele yangu na sare ya shule, mikono nyuma kama mtu anayekariri shairi, ukasema, "Papa, pole nilikupea TB." Sijui nani alikuwa amekuambia siku hiyo, au ulikuwa umeibeba muda gani. Nilikuwa na nafasi. Hapakuwa na mtu ndani ya nyumba, ni mimi na wewe. Nikasema, "Si kitu. Iliisha." Ukaniambia asante. Ukaenda kucheza ukiruka.

Nikikumbuka maisha yangu yote, hapo ndipo ninapojichukia zaidi. Hata ile asubuhi ya chai siichukii hivyo, kwa sababu siku ile nilikuwa mgonjwa na mwoga. Hii nyingine nilikuwa mzima kabisa.

Mwaka jana, baada ya mazishi ya mama yako, nilikuwa nasaga nikaona mama mmoja mzee kwa foleni ananiangalia sana. Nilimtambua kwa sauti alipomkemea mtu aliyempita. Sista Chebet. Amestaafu, analima huko mlimani, alikuwa amemtembelea mwanawe hapa Tuwan. Akauliza, "Wewe si yule baba wa Bungoma? Mtoto alipona?" Nilizima mashine na foleni ikiwepo. Tukakaa juu ya magunia, nikamwambia. Nilimwambia mgeni yale niliyoshindwa kumwambia mke wangu miaka yote ile.

Akasema, "Hata bila ile chai, huenda hatungepata kitu. Mara nyingi tunavuta na hatupati, na mtoto anayo. Hiyo chai naweza kukusamehe. Ndiyo maana huwa tunauliza lile swali lingine, la mtu mzima anayekohoa. Lile halikutaka mpira wala maabara. Lilitaka mdomo wako tu." Akainuka, akachukua unga wake, akaenda. Hakunipa mkono. Nilimwelewa.

Utakapokuwa sista na wewe, utauliza maswali haya kila siku mpaka uyachoke. Ukiona baba anaangalia viatu vyake, usimpigie kelele. Mtoe nje, mbali na wale wamama na masikio yao, umuulize tena kwa sauti ya chini. Simlaumu Sista Chebet, mwenye kusema uongo ni mimi. Ila najua siku ile, nikiwa nje pale kwa nguo zilizoanikwa, kama ningeulizwa tena, ningesema.

Hayo ndiyo yote. Hukunipa TB. Mimi ndiye niliyekupa wewe, na nikaficha, na ulipopoteza sikio nikakuachia lawama pia. Mama yako hakukosea kitu kwa kukupeleka kuwaona wazazi wake. Ukipita Malakisi siku moja, waambie wajomba zako, kwa sababu na wao walibomoa ile nyumba ya tumbaku kwa aibu na hawakuijenga tena.

Naogopa, mwanangu. Nimeogopa tangu barua ya chuo ilipokuja. Tangu mama yako aondoke nyumba hii ina watu wawili, na kuanzia kesho itakuwa na mmoja. Naogopa mwezi wa Desemba ufike wenzako wapande magari kurudi kwao, na wewe uamue kubaki huko. Ukiamua hivyo sitakuwa na la kusema.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya blanketi ndani ya sanduku lako, uikute Bungoma mimi nikiwa mbali. Nilikuwa hata nimeshalifungua sanduku. Nikaona, aa, huyu ni yule yule mtu anayeangalia mlango. Kwa hivyo nakupa mkononi, leo, ukiingia tu. Utaketi hapa mezani usome, na mimi nitaketi hapa. Siendi kuangalia mashine yoyote.

Nawasikia huko njiani, bado mnaimba, na sauti ya senge yako iko juu ya zenu zote. Inaonekana anakuja nawe mpaka ndani. Aje. Ukimaliza kusoma, niulize chochote unachotaka, mbele yake, mbele ya kwaya nzima kama wameingia. Nitajibu.

Papa wako